Ndege ni ya India, injini ni ya Marekani

Tarehe 25 Septemba 2025 Wizara ya Ulinzi ya India ilitia saini mkataba wa kununua ndege 97 za kivita aina ya Tejas Mk1A kutoka kiwanda cha serikali cha Hindustan Aeronautics Limited, HAL, kwa zaidi ya rupia bilioni 623. Kesho yake, mjini Chandigarh, jeshi la anga likaziaga ndege zake za mwisho za kivita aina ya MiG-21, za Kisovieti, baada ya miaka 62 ya utumishi. Mkuu wa jeshi hilo, A.P. Singh, alirusha moja mwenyewe siku hiyo.

Sherehe ilifana, ila hesabu iliyobaki nyuma yake haipendezi. Jeshi la anga la India limeidhinishiwa skwadroni, yaani vikosi, 42 za ndege za kivita. MiG-21 zilipoondoka, zikabaki 29. Na Tejas ndiyo iliyokusudiwa tangu mwanzo kuziba pengo hilo. Mradi wake uliidhinishwa mwaka 1983, ndege ya kwanza ya majaribio ikaruka Januari 4, 2001, na skwadroni ya kwanza ikaundwa Julai 2016. Mtoto aliyezaliwa mwaka mradi ulipoanza alikuwa na miaka 33 skwadroni hiyo ilipopata ndege zake. (MiG-21 hata huku kwetu si ngeni: Uganda ya Idi Amin ilikuwa nazo, na F-7 za Tanzania ni uzao wake wa Kichina.)

Ndiyo maana mjadala wa ndege za kivita India una hasira. Upande mmoja unasema: acheni ndoto, nunueni ndege zilizokwisha kuthibitika vitani, adui hasubiri. Upande wa pili unasema: tukiendelea kununua, tutanunua milele. Pande zote mbili zina hoja nzito, na kwa maoni yangu zote zinazunguka kiini cha tatizo bila kukigusa. Kiini ni mambo mawili: injini, na tabia ya serikali ya kuagiza ndege kwa mafungu madogo kisha kukaa kimya miaka kumi.

Tuwasikilize kwanza wanaotaka kununua, kwa sababu ushahidi wao ni wa karibuni. Mkataba wa kwanza wa Tejas Mk1A, wa ndege 83 kwa karibu rupia bilioni 480, ulitiwa saini Februari 2021. Makubaliano yalikuwa ndege zianze kufika ndani ya miaka mitatu. Hadi mwaka 2025 unakwisha, jeshi halikuwa limekabidhiwa hata moja. Mei mwaka huo huo India na Pakistani zikapigana kwa siku nne, na baadaye mkuu wa majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, akakiri kwamba nchi yake ilipoteza ndege katika mapigano hayo, bila kutaja idadi. Pakistani ilikuwa ikirusha J-10C za Kichina zenye makombora ya masafa marefu. China yenyewe, ambayo ndiyo mpinzani mkubwa zaidi, ilionekana Desemba 2024 ikirusha juu ya Chengdu ndege mpya isiyo na mkia, wakati India bado inahangaika kumaliza oda za ndege ya kizazi cha nne.

Malalamiko hayatoki kwa wapinzani wa serikali tu. Februari 2025, kwenye maonyesho ya anga ya Bengaluru, A.P. Singh alinaswa na kamera akiwaambia watu wa HAL kwamba hana imani nao. Miezi mitatu baadaye, mbele ya wafanyabiashara, alisema hakumbuki hata mradi mmoja uliokamilika kwa wakati. Si kawaida mkuu wa jeshi kumsema hadharani mtengenezaji wa ndege wa serikali yake mwenyewe. Ukisikia hivyo, ujue ndani ya vikao maneno yalikuwa makali zaidi.

Lakini kabla hujakubali kwamba kununua ni njia ya mkato, angalia India ilivyonunua ndege za Rafale za Ufaransa. Zabuni ya ndege 126 za kivita za uzito wa kati ilitangazwa mwaka 2007. Kampuni ya Dassault ya Ufaransa ikachaguliwa Januari 2012. Mazungumzo ya bei na ya nani atabeba dhamana ya ndege zitakazoundwa na HAL yakakwama, na mwaka 2015 mpango wote ukafutwa. Badala yake Waziri Mkuu Narendra Modi akatangaza akiwa Paris kwamba India itachukua ndege 36 zilizoundwa Ufaransa. Mkataba ukasainiwa 2016, na ndege ya mwisho ikafika Desemba 2022. Yaani miaka 15 kwa ndege 36, za duka, zilizokwisha kubuniwa na kurushwa na wengine. Tangu hapo jeshi limerudi na ombi la ndege nyingine 114 za kigeni, na mbio zikaanza upya. Anayesema kununua ni haraka anazungumzia nchi nyingine.

Kuna na suala la nani anashika funguo. Mwaka 1998 India ilipofanya majaribio ya nyuklia Pokhran, Marekani iliiwekea vikwazo. Wahandisi wa India waliokuwa wakishirikiana na kampuni ya Lockheed Martin kwenye mfumo wa kompyuta wa kuongoza Tejas walirudishwa nyumbani, na vifaa vikazuiliwa. Tejas imeundwa kwa makusudi isiwe na utulivu wake yenyewe hewani, ili iwe nyepesi kugeuka. Bila kompyuta inayorekebisha mabawa mara nyingi kwa kila sekunde, rubani hawezi kuishika. Kwa hiyo kilichozuiliwa kilikuwa uti wa mgongo wa ndege. Wahandisi wa Bengaluru wakauandika mfumo huo wenyewe. Iliwagharimu miaka, lakini ndege iliyoruka 2001 iliongozwa na kazi ya mikono yao, na Tejas ikaruka tangu wakati huo hadi Machi 2024 bila kuanguka hata moja. Kwa ndege ya kivita, tena ya kwanza kwa kizazi hicho cha wabunifu, hiyo ni rekodi ya kuonewa wivu.

Baadaye imeguswa na misiba. Ya Machi 2024 ilianguka karibu na Jaisalmer, rubani akaokoka kwa kiti chake cha dharura. Ya Novemba 21, 2025 ilianguka mbele ya watazamaji kwenye maonyesho ya anga ya Dubai na kumuua rubani. Wapo waliokimbilia kuitangaza ndege yote kuwa mbovu. Huo ni uzushi: ajali ya maonyesho, ndege ikizungushwa chini chini karibu na ardhi, haikuambii ni ndege ngapi zitakuwa tayari asubuhi ya vita. Ila kibiashara imeumiza. Malaysia ilikwisha kuipita Tejas na kuchagua FA-50 ya Korea Kusini mwaka 2023, na hadi sasa hakuna nchi ya nje inayoirusha.

Sasa tuje kwenye injini, maana hapa ndipo hadithi inapojirudia kwa namna ya kuchosha.

Tejas si ndege ya kwanza ya kivita kubuniwa India. Katika miaka ya 1950 serikali ya Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, ilimleta Bengaluru Kurt Tank, Mjerumani aliyebuni ndege za Focke-Wulf za Vita Kuu ya Pili. Akiwa na wahandisi wa HAL alitengeneza HF-24 Marut, iliyoruka Juni 17, 1961. Umbo lake lilikusudiwa kufika maradufu ya kasi ya sauti. Injini waliyopata, Orpheus ya Uingereza, ilikuwa dhaifu mno kwa umbo hilo. Waingereza walikuwa tayari kuendeleza toleo lenye nguvu zaidi iwapo India ingechangia gharama, Delhi ikakataa. Wakahangaika na injini nyingine, mpaka ile iliyokuwa ikitengenezwa Misri, bila mafanikio. Marut 147 zikaundwa, zikafanya kazi nzuri vita vya 1971 zikishambulia vifaru vya Pakistani katika jangwa la Rajasthan, lakini kasi iliyoahidiwa hazikuifikia kamwe. Zilipostaafu hazikuacha mrithi wa nyumbani. Wabunifu waliozijua wakazeeka au wakatawanyika, na Tejas ilipoanza ilibidi elimu ianze karibu na sifuri.

Kwa Tejas waliamua wasirudie kosa, wakaanzisha injini yao wenyewe. Kaveri iliidhinishwa mwaka 1989 kwa rupia bilioni 3.82, chini ya taasisi ya utafiti wa injini za gesi, GTRE, ya Bengaluru. Lengo lilikuwa msukumo wa kilonyutoni 81. Haikufika, na ilizidi uzito uliopangwa. Mwaka 2008 ikatenganishwa rasmi na mradi wa Tejas. India haikuwa hata na mtambo wa kupima injini katika hali ya anga ya juu, hivyo mwaka 2010 Kaveri ilipelekwa Urusi na kufungwa kwenye ndege kubwa ya Il-76 ili ijaribiwe huko.

Ugumu wake ni wa namna gani? Nyuma ya chumba cha kuchomea mafuta kuna mapanga madogo ya tabini (sehemu ya injini inayozungushwa na gesi ya moto), mengi yao unaweza kuyashika kiganjani. Gesi inayoyapiga ina joto kuliko kiwango cha kuyeyusha metali ya panga lenyewe. Panga haliyeyuki kwa sababu ndani lina njia za kupitisha hewa, na usoni vijitundu vinavyoitoa hewa hiyo ili ilifunike kama ngozi. Juu limepakwa tabaka la seramiki. Na limemiminwa taratibu ili liwe fuwele moja nzima, bila maungio ya ndani ambayo metali ya kawaida huanza kupasukia likizungushwa kwa kasi kubwa. Hakuna mchoro utakaokufundisha jambo hilo. Wanaolijua wamelijifunza kwa kuharibu mapanga mengi kwa miongo mingi, huku serikali zao zikilipa. Nchi zinazoweza kutengeneza injini ya ndege ya kivita mwanzo hadi mwisho zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hata China ilihangaika miaka mingi na injini za Kirusi kabla ya kuziamini za kwake.

Basi Tejas inaruka kwa injini ya F404 ya kampuni ya General Electric. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwaka 2024 India ililiona hilo waziwazi: miili ya ndege ilikuwa ikikamilika kiwandani, injini hazijafika. HAL ikailaumu GE. GE nayo ina la kusema. Ilikabidhi injini 65 za aina hiyo kufikia 2016, halafu haikuona oda nyingine. Mnyororo wa kuziunda ukasimama. India iliporudi mwaka 2021 kuagiza injini 99, wasambazaji wa vipuri walikuwa wametawanyika, ikabidi kuwasha upya kila kitu, tena dunia ikiwa imetoka kwenye janga la Uviko. Injini ya kwanza ya oda hiyo ilifika Machi 2025.

Soma tarehe hizo tena, kwa sababu zinamshitaki mnunuzi kuliko muuzaji. Tejas 20 ziliagizwa 2006, nyingine 20 mwaka 2010. Oda iliyofuata ni ya 2021. Kwa miaka 11 kiwanda kilikuwa na kazi ya ndege 40 tu. Ni meneja gani atanunua mashine, ataajiri mafundi na kufunga mikataba na wasambazaji kwa ndege 40? Jeshi la anga linalolalamika leo kuhusu kasi ya HAL ndilo lililoitazama Tejas kwa jicho la pembeni miaka yote hiyo, likisubiri Rafale 126 ambazo hazikuja. Ndilo pia lililobadilisha mahitaji njiani. Kombora zito zaidi la R-73 lilipowekwa badala ya R-60, bawa likabidi kuimarishwa. Haki nayo isemwe: lilikuwa na sababu za kusita. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka 2015 iliorodhesha mapungufu makubwa 53 katika Tejas ya kwanza. Rubani hawezi kupelekwa vitani na ndege yenye orodha kama hiyo kwa ajili ya uzalendo.

Hapa mtetezi wa Tejas ataniuliza: kama injini ya Marekani ni kitanzi, mbona Wasweden wanarusha Gripen E kwa injini ya GE, na Korea Kusini imetengeneza KF-21 kwa injini ya F414 ya GE hiyo hiyo? Wakorea walianza maendeleo kamili ya ndege yao katikati ya miaka ya 2010 na wakairusha Julai 2022. Injini ya kigeni haikuwachelewesha. Swali ni zuri, na linapunguza makali ya hoja yangu. Tofauti ninayoiona ni ya kisiasa: Korea Kusini ina majeshi ya Marekani nchini mwake na mkataba wa kulindana. India ina Su-30 za Kirusi zaidi ya 250, ndugu wa zile za Uganda, na hununua mafuta ya Urusi kwa wingi. Agosti 2025 Rais Trump alizipandishia bidhaa zake ushuru hadi asilimia 50. Na hata hivyo, Novemba mwaka huo huo HAL ikasaini na GE mkataba wa injini nyingine 113. Ushuru huku, injini kule. Uhusiano wa aina hiyo unaweza kudumu miaka 20 bila tatizo, au ukakatika kwa usiku mmoja kama 1998. Hakuna ajuaye, na mpangaji wa jeshi halipwi kwa kubahatisha.

Mbele kuna ndege mbili mpya. Tejas Mk2, kubwa zaidi na yenye injini ya F414, iliidhinishwa na baraza la mawaziri mwaka 2022. Kisha AMCA, ya kizazi cha tano, injini mbili, umbo la kukwepa rada, uzito wa tani zipatazo 25. Machi 2024 ilitengewa rupia bilioni 150 za kubuni na kuunda ndege tano za majaribio. Ya kwanza inatarajiwa kuruka mwishoni mwa muongo huu, na za jeshi kuanza kutoka katikati ya miaka ya 2030. Mei 2025 Waziri wa Ulinzi Rajnath Singh akaidhinisha utaratibu unaoziruhusu kampuni binafsi kushindania kazi hiyo sawa na HAL. Hilo ndilo badiliko kubwa zaidi la sera katika miaka mingi, na limepata sifa kidogo kuliko linavyostahili. Agosti akatangaza kwamba injini ya toleo la baadaye itatengenezwa pamoja na Safran ya Ufaransa.

Wengine wanataka pengo lizibwe kwa kununua skwadroni mbili za Su-57 ya Urusi, au F-35 ya Marekani ambayo Trump aliitaja mbele ya Modi Februari 2025. Mimi siungi mkono. India ilikwisha kuingia ubia na Urusi kwenye mradi uliozaa Su-57, ikatoa fedha za usanifu, kisha ikajitoa 2018 kwa kutoridhika na ndege yenyewe. Na F-35 haiwezi kukaa kwa raha katika jeshi lenye rada na makombora ya Kirusi. Kundi dogo la ndege ghali lenye vipuri vyake na mafunzo yake pekee litakula fedha za Mk2 na AMCA, na likifika litakuwa limechelewa vile vile.

Ningekuwa mpangaji, mwanzo ningeshughulika na jambo lisilo na mvuto kabisa: idadi ya ndege zinazotoka kiwandani kila mwaka. Oda mbili za Mk1A zinafanya jumla ya 180. Mnyororo wa tatu wa kuunganisha, Nashik, ulirusha Mk1A yake ya kwanza Oktoba 17, 2025, na HAL inasema kwa minyororo yote mitatu itafika ndege 24 kwa mwaka. Zikitoka kweli 24, kazi itaisha kwa miaka saba na nusu. Zikitoka 12 itachukua miaka 15, na ndege nyingine kongwe za jeshi hilo, Jaguar, Mirage 2000 na MiG-29, zitakuwa zimefuata njia ya MiG-21, hata AMCA iruke vizuri namna gani. Dalili njema ni kwamba sehemu kubwa za ndege sasa zinatengenezwa nje ya HAL: mabawa yanatoka kwa Larsen & Toubro, kiwiliwili cha nyuma kwa kampuni binafsi nyingine. Kama ilivyo kwa mapanga ya tabini, ujuzi huo haujengwi kwa oda moja kila miaka 11.

Halafu injini. Mkataba na Safran usipime mafanikio kwa idadi ya injini, upime kwa nani atamimina fuwele ya panga la tabini na wapi, na kama mtambo wa kupimia hali ya anga ya juu utajengwa Bengaluru au injini itasafirishwa tena nje. Hayo ndiyo yatakayosema kama ni ubia au ni ununuzi uliovalishwa joho. Mazungumzo ya kuunda F414 nchini India yalitangazwa kwa shangwe Washington mnamo Juni 2023, yakiahidi kuhamisha asilimia 80 ya teknolojia. Ni nyingi, ila katika injini asilimia 20 iliyobaki ndiyo yenye moto.

Kwenye helikopta hali ni afadhali. Prachand, ya mashambulizi, ilitokana na funzo la vita vya Kargil vya 1999 dhidi ya Pakistani, ambapo helikopta za kawaida zilishindwa kufanya kazi juu ya milima. Machi 2025 ziliagizwa 156 kwa mpigo. Ndugu yake Dhruv ilisimamishwa kuruka baada ya ajali ya Porbandar ya Januari mwaka huo, lakini kabla ya hapo mamia yalikuwa yakifanya kazi. Injini za helikopta hizo zilibuniwa kwa ubia na Wafaransa wale wale wa Safran, zikapewa jina la Shakti, na huundwa HAL kwa mamia. Ubia huo ulianza na injini ndogo, oda zikaja bila kukatika, mafundi wakapata mazoea. Mezani Paris, wapatanishi wa injini ya AMCA hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Wanao, na umekuwa ukiruka juu ya milima ya barafu ya Siachen.